Gari la Wauguzi Limeegeshwa kwa Fundi Cherehani

Mpendwa Dada Subaida, naomba unisaidie kabla kaka yangu hajapiga simu tena, maana nimekwama na sijui nimsikilize nani. Naitwa Sajna, naishi karibu na Kondotty na mama yangu, ambaye sisi tunamwita Umma, baba alishatangulia mbele ya haki, na kaka Nisar yuko kazini Sharjah. Umma ana saratani ya kongosho, na hospitali walituita pembeni mimi na mume wangu wakasema haiponi tena, twende naye nyumbani, watakuja watu wa tiba shufaa, wale wanaowafuata wagonjwa majumbani, na sisi tukakubaliana Umma asijue, tukamwambia ni gesi na vidonda vya tumbo.

Basi wakaja, muuguzi Liji na mzee mmoja wa mtaani anayejitolea, na gari lao limeandikwa tiba shufaa ubavuni kwa herufi kubwa, nikaona haya, nikawaomba waliegeshe kule kwa fundi cherehani, maana huku kwetu gari hilo likisimama mlangoni watu wanaanza kuulizana maziko lini, na kwa Umma nikawatambulisha kuwa ni wataalamu wa gesi. Liji akaacha vidonge vya mofini, na kaka aliposikia akanifokea, "We Sajna, umerogwa? Hiyo si ndiyo dawa ya walevi? Ukimpa hiyo atalala asiamke! Unataka watu waseme watoto wa Biyyathu wamemtupa mama yao kwa wasubiri maiti?" Nikaogopa, nikavificha vidonge kwenye debe la mchele, nampa Umma dawa ya kawaida ya kichwa, na Liji akiuliza namwambia anakunywa zote.

Sasa Umma amegeukia ukutani, uji wa mchele hataki, anauma ncha ya shela asilie. Juzi ameniuliza, "Hao watu wa gesi, mbona hawaniulizi habari za gesi?" Kisha akasema, "Mwambie yule mama arudi, mikono yake haina haraka." Halafu akataka niende kumwita mjomba Moideen, kaka yake waliyenuniana tangu ule ugomvi wa kisima, nikamwambia ukipona utakwenda mwenyewe, Umma akacheka, akashika ubavu. Dada, nikimpa dawa nitakuwa nimemuua mama yangu? Na nikiendelea kuwapokea hawa watu, si ndiyo nitakuwa nimemkatia tamaa?

Sajna, Kondotty

Sajna mwanangu, pole. Unamuuguza mama mchana kutwa, na jioni unafokewa kwa simu na mtu ambaye hajashika hata beseni. Nakuonea huruma. Sasa futa machozi nikugombeze.

Mama yako anauma shela yake na dawa iko kwenye debe la mchele. Hebu lisome tena hilo, ulisome kwa sauti. Unaogopa kumuua kwa kidonge alichoandikiwa na daktari, ila kumwacha ateseke huku mlo unamshinda hukuogopi? Mofini ikitolewa kwa kipimo na ikafuatwa saa zake haimuui mtu, na kwa mgonjwa mwenye maumivu haigeuki kuwa ulevi. Siku za mwanzo huenda akalala sana. Mwache alale, ana deni kubwa la usingizi. Choo kitakuwa kigumu, kwa hiyo mwombe Liji na dawa ya kukilainisha. Ukiona anasinzia kupita kiasi au pumzi zinakwenda polepole, mpigie Liji papo hapo. Na umwambie ukweli kuhusu lile debe, leo hii, kabla hujampa hata kimoja, maana yeye anapanga kipimo akidhani Umma anakunywa. Atakukunjia uso kidogo. Vumilia, umejitakia.

Kuhusu kukata tamaa: watu hawa hawaji kusubiri maiti. Wanakuja kuosha vidonda, kutuliza kichefuchefu, kumgeuza mgonjwa kitandani asichubuke, na kukufundisha wewe kufanya hivyo. Wapo wagonjwa wanaohudumiwa nao huku matibabu mengine yakiendelea, na wapo wanaopata nafuu wakaachana nao. Nyumba iliyowaita haijamtupa mtu. Nisar namwelewa: aliye mbali hana la kufanya ila kupiga kelele. Mpe namba ya simu ya Liji, amfokee yeye aone. Au siku moja weka simu karibu na kitanda asikie mama yake anavyopumua, uone kama atataja walevi tena.

Halafu hilo la gesi. Mwanangu, mnamficha nani? Mtu anayemwita kaka yake waliyenuniana miaka yote hiyo ana habari za hali yake. Umma alicheka kwa sababu ya hicho ulichomjibu, nami nilipokisoma nilicheka, kisha nikaweka barua chini nikalia. Anajua, Sajna. Anawafichia ninyi msiumie, nanyi mnamfichia yeye, na katikati hapo amebaki peke yake na ukuta. Usimtolee hotuba. Kaa kitandani, mwulize, "Umma, unataka kujua nini?" Atakachouliza, mjibu hicho. Asipouliza, mshike mkono.

Gari na lisimame mlangoni. Majirani wakiulizana, watajua pa kuleta mikate ya mchele na nani wa kumpokea zamu ili nawe uoge.

Na mjomba Moideen akaitwe kesho, mumeo amfuate na pikipiki asipate nafasi ya kujishauri. Ila asiingie moja kwa moja. Mpe Umma kidonge kwanza kama Liji alivyopanga, mvishe shela safi, ngoja maumivu yashuke, muinue kwa mito. Ndipo umfungulie kaka yake mlango, amkute dada yake amegeukia mlangoni.