Mkono Begani

Alhamisi, 12/8/99

Blausi ndiyo iliyonitesa leo. Mzee Wafula amefiwa na mkewe, na kazi yangu dukani ilikuwa kutengeneza jalada la kijitabu cha mazishi. Nilitakiwa kuondoa kwa kompyuta ukuta ulio nyuma ya mama pichani ili picha yake ikae juu ya maua. Lakini ukuta mweupe, blausi nyeupe! Kila nikibofya ukuta ufutike, kifua cha mama wa watu nacho kinatoweka, yanabaki mabokisi ya kijivu ya mahali palipofutwa. Hizi programu za bure...

Nimerudia mara sita. Mwishowe nikafuta polepole kwa mausi, nikizunguka kitambaa cha kichwa na masikio. Ukabaki mkono mmoja begani mwake, wa mtu aliyesimama kando yake siku ya harusi ya binti yao. Nikaanza kuufuta pia.

Mzee alikuwa ameketi nyuma yangu muda wote, kofia magotini.

"Mwanangu, huo ni wangu. Uache."

Nikamwambia utaonekana vibaya, mkono usio na mwenyewe.

"Kule nyumbani wote wanaujua."

Nikauacha. Kesho wanasafiri na mwili kwenda Bungoma.

Nimerudi hapa Kariobangi, nikasonga ugali wa mtu mmoja, kisha nikamwaga picha zangu kitandani. Ni kumi na moja tangu nije Nairobi. Katika zote nimevaa vizuri, natabasamu, begani hakuna mkono wa mtu.

Hakuna hata moja ambayo ingempa mtu taabu kunikata pichani.