Mlango Nyuma ya Ukuta wa Stoo

Jumanne jioni, Lemara

Napenda vile vitabu vyepesi vya upelelezi: mtu anakarabati nyumba kuukuu, anakuta fumbo ukutani, na mwisho wote wanakunywa chai wakicheka. Kwa hiyo leo fundi Elibariki alipobomoa ukuta wa stoo akakuta mlango, nilifurahi kama mtoto.

"Mama, komeo liko upande huu wa nje," alisema.

Ndani kulikuwa na godoro na viatu vyekundu vya kike.

Jirani yangu, Mama Neema, alivitambua. "Vya Rehema, mke wa aliyekuuzia nyumba. Mumewe alituambia kwamba Rehema amemkimbia."

Sasa hivi huyo mwanamume amenipigia, bila hata salamu. "Mmeshafika stoo?"

Nimemjibu kwamba bado.

"Msiguse. Nakuja."

Polisi niliowapigia nao wanasema wako njiani. Sijui nani atatangulia.