Jina la Bibi kwenye Khitma

Mwanza, Ijumaa

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Halua imefika, nusu nimeshaimaliza peke yangu.

Unauliza, siku ya kuwakumbuka waliofanywa watumwa, bibi yangu atajwe vipi kwenye khitma. Miaka yote tunamtaja Faida binti Haidar. Haidar hakuwa baba yake, Somoe, alimnunua. Baba yake ni Kasongo. Bibi aliniambia mwenyewe tukichambua mchele, akaniapisha nisiseme.

Kaka yako kanipigia simu, "Ami, wakwe zangu watatuita watwana!" Mwambie nimenyamaza miaka sabini na hofu hiyo haijapungua hata siku moja.

Kiapo nakivunja, Mungu anisamehe. Mwandikie shehe: Faida binti Kasongo. Atakayeona haya, asiitikie amina.

Ami yako akupendaye,
Mwinjuma