Niliwakataza Kunisalimia

Jumapili, alasiri. Mawingu yamekaa juu ya Ifakara tangu asubuhi na mvua bado haijaamua. Nimefua, nimeanika, nimeanua, nimeanika tena. Umeme umekatika mara mbili na kurudi mara mbili. Siwezi kukaa kwenye kiti zaidi ya dakika tano.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitafua tena.

Ijumaa nilimtumia mratibu wa kozi orodha yenye jina moja. Nieleze kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mkufunzi msaidizi. Ninasimamia kozi ya mtandaoni ya walimu wa shule za msingi wanaosomea stashahada ya elimu ya awali wakiwa kazini. Wanafunzi wangu wako kuanzia Kidatu mpaka Mlimba, na wengi wao walishika chaki kabla mimi sijazaliwa. Nina miaka ishirini na sita. Kanuni inasema mwanafunzi asiyewasilisha kazi mbili na asiyewasiliana na mkufunzi kwa wiki sita anahesabiwa kuwa amejiondoa. Jina nililoandika ni la mwalimu mmoja wa Mbingu. Hapa nitamwita Mwalimu Tekla, ingawa si jina lake.

Kwenye nafasi ya sababu niliandika: Hashiriki. Hajawahi kuuliza swali.

Nilijaza fomu hiyo huku nakunywa chai. Wala chai haikupoa.

Kesho mchana mratibu anapeleka orodha makao makuu na akaunti ya Mwalimu Tekla inafungwa. Hatarudi muhula ujao, maana ana miaka hamsini na mitatu na mkuu wake wa shule ameshamwambia kwamba mwakani darasa la awali litapewa mwenye stashahada. Amelifundisha darasa hilo karibu maisha yake yote ya kazi. Hayo yote sikuyajua Ijumaa. Niliyajua jana sokoni, mbele ya beseni la perege.

Nilikuwa nachagua samaki nikasikia mtu ananiita Madam. Kugeuka, ni Mwalimu Dotto wa Namawala, mmoja wa wanafunzi wangu. Ni mtu mzima, mrefu, ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Tulikuwa hatujawahi kuonana ana kwa ana ila siku ya usajili. Mdomo wangu ukafanya ulichofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akaweka mfuko wake chini. "Marahaba. Kumbe Madam unasalimia?"

Muuza samaki akacheka, nami nikacheka, ila nilihisi kitu kimenigusa pasipotakiwa. Ili nibadilishe mada nikamuuliza kama ana habari za Mwalimu Tekla, maana naona ameacha kozi.

"Aache nani? Yule? Kazi zote amemaliza, ziko kwenye daftari, mwandiko kama wa ubaoni. Sisi ndio tunanakili kwake." Akajishtukia. "Si kunakili, Madam. Kujadiliana."

"Mnajadiliana wapi?"

Akatazama perege. Akatazama mawingu. Kisha akatoa simu, akanionyesha, kwa aibu ya mtoto aliyekutwa na embe la jirani.

Lipo kundi jingine. Darasa langu lote limo, isipokuwa mimi. Linaitwa Salamu Kwanza.

Niliposhika ile simu niliona asubuhi moja tu ya maisha yao. Shikamooni wakubwa. Marahaba. Mmeamkaje huko Mlimba. Tumeamka na tope. Mama Tekla, mguu? Unaendelea. Halafu swali kuhusu kazi ya tatu, majibu manane, utani kuhusu Wasukuma na ng'ombe wao, Dotto akijitetea, halafu jibu la tisa, la Tekla, refu na zuri kuliko lolote nililowahi kuandika mimi kwenye kozi yangu mwenyewe.

Kwenye kundi langu, lile rasmi, ujumbe wa mwisho ulikuwa wangu. Siku kumi na moja zilizopita. Chini yake hakuna kitu.

Sasa niseme nilichofanya, maana nimezunguka vya kutosha.

Wiki ya kwanza ya kozi, kundi rasmi lilijaa salamu. Watu thelathini na kitu, kila mmoja anaamkia na kila mmoja anaitikia. Maswali yalizama humo. Siku ya nne nikaandika tangazo, na naweza kulirudia kwa kichwa kwa sababu nililiandika mara tano ili lisikike la kitaalamu: "Ili kuokoa muda na vifurushi vya wote, salamu zisiandikwe humu. Mwenye swali aandike swali moja kwa moja. Litajibiwa ndani ya saa ishirini na nne."

Nami nilijibu ndani ya saa ishirini na nne kila mara. Nina jedwali. Nililipaka rangi.

Chuoni niliandika insha kuhusu jinsi mwalimu anavyoweza kuwapo kwa wanafunzi asiowaona. Nilipata alama ya juu kabisa. Mkufunzi wangu aliisoma mbele ya darasa. Nimeitafuta leo asubuhi kwenye kompyuta, nimesoma kurasa mbili, nimeifunga.

Lakini hata habari ya vifurushi haikuwa kweli. Nilidanganya, na aliyekuwa wa kwanza kudanganyika ni mimi. Kweli ni kwamba niliogopa. Wale ni watu wazima. Wakianza kusalimiana, na mimi itabidi niwaamkie, mmoja mmoja. Nikishamwambia mtu shikamoo akaniitikia marahaba mwanangu, nitamwambiaje kwamba kazi yake ni mbovu? Nilitaka mahali ambapo umri wangu hauonekani. Nikakata salamu kama mtu anayezima taa ili asionekane uso.

Hakuna aliyebishana nami. Walisema sawa Madam, wakahama.

Leo baada ya misa nimempigia Mwalimu Tekla. Simu imeita ikakatika, imeita ikakatika. Mara ya tatu akapokea, upepo mwingi, makopo yanagongwa nyuma yake. Alikuwa shambani anafukuza ndege kwenye mpunga.

Nikaamkia. Akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, mama yangu mzima, baba mzima, mvua huko imenyesha, umekula. Ilichukua muda. Nilisimama katikati ya chumba nikajibu yote, na sikuwa na haraka, na nadhani ni mara ya kwanza mwezi huu sikuwa na haraka.

Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniandikia.

"Ningeanzaje, mwanangu? Nilishaliandika lile swali mara tatu nikalifuta. Likikaa pale peke yake bila hata hujambo, linaonekana kama nakufokea."

"Lakini mimi ndiye niliyeomba mwandike hivyo, mama."

"Ulisema. Ndiyo maana nikanyamaza, nisikuvunjie sheria yako. Na halafu lile jibu lako la kazi ya kwanza."

Nililikumbuka mara moja. Niliandika: Rudia. Hujajibu swali. Maneno matatu. Nilidhani nimekuwa wazi.

"Nilimsomea mume wangu," akasema. "Akaniuliza, umemkosea nini huyo binti? Nikamwambia hapana, ndivyo wanavyoongea huko mtandaoni." Akacheka. Ni kicheko ambacho sikustahili.

Na swali lenyewe, lile lililofutwa mara tatu? Mfumo ulikuwa unakataa kazi zake zote baada ya ile ya kwanza. Alipiga picha za daftari, picha zikawa nzito, mfumo ukazirudisha kila alipojaribu. Alitaka kujua afanyeje. Ni jambo la dakika mbili. Ningemwambia anitumie kwa simu, nizipunguze mwenyewe, niziweke. Limegharimu wiki sita na linakaribia kumgharimu darasa lake.

Ikabidi nimwambie kuhusu orodha. Nilifikiri nitamwambia polepole, ila ilitoka yote kwa mkupuo.

Makopo yaliacha kugongwa.

"Umeshaipeleka?"

"Nimeipeleka, mama."

Nilisikia ndege wakirudi kwenye mpunga wake, au nilidhani nawasikia. Kisha akasema, kwa sauti ambayo nadhani watoto wa darasa la awali wanaijua vizuri, "Basi tusikae hapa tunasikitika. Niambie cha kufanya."

Nilipokata simu niliketi kumwandikia mratibu. Ujumbe wa kwanza ulisema kwamba kulijitokeza changamoto ya mawasiliano baina ya mkufunzi na mwanafunzi. Nikausoma. Ni sentensi safi. Tunaiandika kila ripoti, na kila anayeisoma anafikiria mnara wa simu na mvua. Mratibu angeisoma akasema ndiyo, mtandao wa Mbingu tunaujua, na labda angemhurumia Tekla, na mimi ningebaki mkufunzi hodari mwenye jedwali la rangi. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Anayependekeza uongezwe au usiongezwe ni yeye.

Nilikaa na sentensi ile muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikainuka. Nikaanua nguo.

Nikarudi nikaifuta. Nikaandika kwamba Mwalimu Tekla hakuacha kozi, kwamba kazi zake zipo, kwamba alinyamaza kwa sababu niliwakataza wanafunzi wangu wasisalimie na nikawajibu kwa ukali bila kujua kuwa ni ukali, na kwamba niliandika jina lake bila kumpigia simu hata mara moja. Nikatuma kabla sijaanza kuupamba.

Jibu limekuja baada ya nusu saa. Halina salamu, na sina haki ya kulalamika. "Bila kazi mkononi siwezi kuondoa jina. Ziwe mezani kwangu kesho saa mbili asubuhi. Hayo mengine tutazungumza."

Hayo mengine. Najua ni yapi.

Basi sasa hivi Mwalimu Tekla amesimama juu ya tuta la reli, maana ndipo mtandao unaposhika Mbingu, na ananitumia daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Zipo kurasa kumi na tisa. Amemwachia mumewe ndege. Kila picha inapofika simu inalia na mimi naruka kama nimechomwa. Mwandiko kweli ni wa ubaoni. Kwenye ukurasa wa nne ameeleza jinsi anavyompokea mtoto anayelia siku ya kwanza ya shule. Nimeusoma mara mbili na nimesahau kwamba natakiwa kusahihisha.

Kati ya picha na picha nimeandika kwenye kundi rasmi. Nimewaamkia. Nimewaambia kwamba lile tangazo lilikuwa kosa langu na nimelifuta, na kwamba sitaomba kuingia kwenye kundi lao, wabaki nalo, ila kama wataweza wapite na huku kidogo. Watu ishirini na sita wamesoma. Hakuna aliyejibu. Huenda wanajadiliana kule kwanza wanijibu nini.

Zimefika kurasa kumi na moja. Mawingu yote sasa yamesogea upande wa Mbingu na ni meusi. Ya kumi na mbili inaonyesha inakuja, inakuja, haiji. Nimempigia, hapatikani. Sijui kama ni mvua, au betri, au ameshuka tu kwenye tuta kutafuta pa kujikinga.

Sitafua tena. Nitakaa hapa kwenye kiti.

Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwa mratibu. Zikifika kumi na tisa, nitakwenda na kumi na tisa. Zikibaki kumi na moja, nitaziweka hizo mezani, nitampigia Mwalimu Tekla palepale mratibu akisikia, na wala sitaketi mpaka amsikilize.