Uji Niliompa Nyambura

Cheptiret, kwa Posta ya Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi, na ule mguu umekubali kukunjika. Baba naye kifua chake kinaendeleaje? Mwambie asitoke nje asubuhi bila koti. Najua hasikii, lakini mwambie tu. Huku mimi na baba watoto tuko wazima, vijana wangu watatu wanakula mpaka naogopa, na baridi ni ile ile, maji ya ndoo yanauma meno.

Mwalimu Wafula, asante kwa kumsomea Mama barua zangu. Tangu ulipohamishiwa shule ya kwetu nimezoea kuandika Kiswahili, na Mama hana shida, alikipata akichuma kahawa kwa Mzungu. Lakini leo nakuomba, kama mke wa kaka Gitau yuko hapo jikoni, mwambie aende achote maji. Haya si mambo ya kubebwa mpaka kisimani. Akishatoka, soma polepole.

Mama, shamba la Mzungu tulilonunua kwa pamoja hatimaye limegawanywa. Tumetoka kwenye zizi la ng'ombe wa Mzungu tulikokuwa tumebanana familia sita, magunia ndiyo kuta. Sisi tumepata kipande juu karibu na barabara, mdogo wangu Nyambura na Mwangi wake wako chini kwenye mto. Mahindi yamefika magotini. Hiyo ndiyo habari njema na imeisha.

Nyambura ana mimba tena, mwezi wa sita huu, na anakunywa pombe kila siku. Na yule mtoto wake Wairimu, ambaye nimekuwa nikikuandikia ati ni mdogo wa mwili tu, nilikuwa nakuficha. Karibu anafika miaka minne na anavaa nguo za mtoto wa miaka miwili. Maneno anayosema hayazidi matano. Ameshika jiko la moto, akalia, akapona, akalishika tena kana kwamba halijawahi kumchoma. Hatulii hata ukimfunga mgongoni. Lakini ana upendo huyo mtoto, ai! Mtu akipita barabarani, hata asiyemjua, anamshika mkono na kutaka kwenda naye. Hilo nalo linanitia hofu.

Watu hapa wamesema mengi. Wengine wanasema ni udongo huu, ati tumelima makaburi ya watu bila kujua. Wazee walichinja mbuzi, tukala nyama, Wairimu akabaki vile vile.

Basi wiki mbili zilizopita nikampeleka hospitali Eldoret. Nyambura alikataa kuja, akasema mtoto wake si mgonjwa. Nilimbeba mwenyewe, umri huo wote, na hakunilemea. Tulimpata daktari mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, na nesi akawa anatafsiri. Akampima kichwa kwa tepu kama fundi wa nguo. Akamgusa hapa juu ya mdomo, pale chini ya pua ambapo sisi sote tuna kijifereji. Wairimu hana, ni laini kabisa. Miaka yote hii namfuta kamasi na sikuwa nimeona. Kisha akauliza, "Mama yake alikuwa anakunywa pombe akiwa na mimba?"

Nikaruka. "Hapana! Sisi ni watu wa kanisa."

"Hata busaa?"

"Uji tu," nikasema. "Uji wa wimbi uliochacha."

Nesi, ambaye ni mtu wa huku huku, akaniangalia. "Uji kutoka wapi, mama?"

Mama, unakumbuka mimba ile ya kwanza, Nyambura aliposhindwa kula? Uliniagiza nimpe uji wa wimbi uliochacha, ule uliokuwa ukinywa wewe ukiwa na sisi tumboni, asubuhi na jioni, apate damu na maziwa. Lakini wimbi huku haikuwako. Mzungu alipanda ngano na miwati, na sisi ndio kwanza tulikuwa tumefika. Ilikuwa kwa Mama Nekesa peke yake, mjane wa mfanyakazi wa zamani wa shamba hili, na yake yote ilikuwa kimea cha kupikia busaa. Nilisimama mlangoni kwake na kibuyu changu, nikajiambia: si ni wimbi? Si imechacha? Si ni nzito kama uji? Nikachukua busaa. Nikaichuja kwa kitambaa safi, nikaipasha moto, nikatia sukari, nikampelekea dada yangu kwa mikono yangu hii. Nikaiita uji. Yeye alikuwa anatapika kila kitu, hata maji, lakini hicho kilikaa. Alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nilifurahi sana siku hiyo, nikajiona nesi.

Baadaye hakuningoja tena. Akawa anaenda mwenyewe, na kwa Mama Nekesa hakuna busaa peke yake, kuna na ile kali ya chupa. Nilimwambia Mwangi, akanijibu kwamba mwanamke mwenye mimba hanyimwi anachotamani. Nawe unajua ndivyo tulivyolelewa. Nikanyamaza. Ningesema nini, na mimi ndiye nilianza?

Hayo yote niliyasema pale hospitali, mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni. Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema hawezi kuapa kwamba ni pombe, kwa maana mambo haya hata wao madaktari wameanza kuyajua juzi juzi, lakini alama anaziona. Nikauliza dawa, akasema hakuna. Atakua, atajifunza kidogo kidogo akivumiliwa, lakini kilichoharibika tumboni hakirudi. Nikamwambia mama yake ana mimba nyingine. Akavua miwani.

"Aache leo," akasema. "Asingoje kesho."

Kesho yake asubuhi nilishuka mtoni. Nilimkuta Nyambura uani anapukuchua mahindi, kikombe cha bati kando yake. Nikamwambia yote bila kuficha sehemu yangu. Alisikiliza huku vidole vikiendelea na kazi.

"Kwa hivyo mtoto wangu ni mbovu," akasema.

"Sikusema mbovu."

"Na aliyemharibu ni mimi."

"Ni mimi, Nyambura. Mimi ndiye nilikuletea."

"Wewe ulileta, mimi nikanywa. Mdomo ulikuwa wangu." Akatupa gunzi. "Sasa unataka niache. Nikiacha, nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli. Kila nikimtazama Wairimu nitajua nimemfanyia nini. Wewe ungeweza kuishi hivyo?"

Akachukua kikombe, akanywa akinitazama usoni, akasema, "Mtoto wangu ni mzima. Na huyu pia atakuwa mzima. Nenda nyumbani." Wairimu akaja mbio, akanimwagia mahindi miguuni, akacheka, na mimi nikaondoka nikilia kama mtu aliyefiwa.

Usidhani nimekaa bure. Nilikwenda kwa Mama Nekesa nikapiga magoti. Akaniinua, akanipa kiti, akaniambia hata yeye akimkataza, Nyambura atavuka daraja la miti aende ng'ambo, huko wanapika nyumba tatu. Nilitaka kumwambia chifu. Baba watoto akanicheka, akaniuliza kama sijui karani wa chifu anakunywa wapi. Nikawaambia akina mama wa kanisa, nikidhani watamwendea kwa upole. Wakamtoa kwenye kwaya! Sasa hata Jumapili hana mahali pa kwenda ila kule. Kila ninachogusa nakiharibu zaidi. Nimechoka, Mama, sijui nishike wapi.

Ulinikabidhi dada yangu siku tulipopanda lori kuja huku. Uliniambia, wewe ndiwe mama yake sasa. Nimeshindwa. Naomba uje umchukue, au umwite huko nyumbani mpaka ajifungue, umwambie una shida na mguu, umwambie lolote. Wewe ukisema anaweza kusikia. Pengine hatasikia, lakini kwangu mimi ameshafunga mlango. Na ujue jambo hili: Wairimu ni jina la mama ya Mwangi, kama desturi. Mimi nimezaa wavulana watupu, na mwenye jina lako bado hajazaliwa. Huyu aliye tumboni, akiwa msichana, ataitwa Njeri kama wewe. Ni wewe anayekunywesha pombe.

Imebaki miezi mitatu. Siku zinakwenda nami nazihesabu nikiwa nimesimama tu.

Msalimie Baba, lakini haya usimwambie mpaka kifua kitulie. Msalimie shangazi, dada ya Baba, mwambie blanketi alilonipa ndilo tunajifunika mpaka leo. Msalimie kaka mkubwa na mke wake, na babu mzee wa mlango wa pili anayeniita mchumba wake. Mwalimu Wafula, nawe usalimiwe, na unisamehe kwa kukutwika mzigo usio wako.

Ni mimi binti yako wa kwanza, ninayekukumbuka kila ninapoinama kwenye jiko,

Wanjiku

Mama, leo ni Jumatatu. Nilikuwa sijafunga bahasha Nyambura akaingia. Alikuwa hajakanyaga kwangu tangu siku ile. Hakuketi. Alikuwa amejifunga leso mbili juu ya tumbo, na hakunuka pombe, pengine kwa sababu ilikuwa bado asubuhi. Akaniuliza, "Yule daktari alisema vikombe vingapi?"

"Vingapi vya nini?"

"Vya kuharibu mtoto. Alisema vingapi?"

"Hakusema."

"Kimoja kinaweza?"

"Sijui, Nyambura. Alisema uache tu."

Akasimama pale akiutazama mlango. Nilidhani atalia, nikanyoosha mkono, akausukuma. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akiniuliza mambo tukiwa watoto, "Na wewe, kabla sijaanza kwenda mwenyewe, uliniletea vingapi?"

Nilimwambia sikumbuki. Akaitikia kwa kichwa, akateremka kuelekea mtoni, na kutoka hapa juu sikuweza kuona kama alipinda kwake au alipita moja kwa moja kwa Mama Nekesa.

Nilimdanganya, Mama. Nakumbuka kila kimoja.