Dada Salma, Achia Kiti cha London

Mpenzi dada Salma, binti wa shangazi yangu,

Nimeanza na "mpenzi" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuandika barua, lakini leo moyo wangu hauko hapo. Nina wivu, Salma. Wivu huo ulinianza ulipopanda ndege ya New York, na leo, nikitoka kwa mama yako mtaani Acocks Green, umenipanda mpaka kooni.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Selly Oak na kuta zake zilizotota unyevu? Tuliomba wote wawili masomo yale yale ya uzamili, uhandisi wa fedha, chuo kile kile cha London. Tukawa tunahojiana kwa zamu kwenye meza ya jikoni. Ikifika zamu yako ya uprofesa unavaa miwani ya jua na kukaza sauti, mpaka siku moja yule Mkongo wa chumba cha juu akashuka kuuliza kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa, "Mais, munagombana?" Tulicheka tukamwaga chai juu ya karatasi za hesabu.

Siku moja kabla sijahojiwa uling'ang'ania swali moja. Mtu anarusha sarafu mpaka apate vichwa viwili mfululizo. Kwa wastani atarusha mara ngapi? Mimi nikataka maswali ya hati fungani, nikakwambia, "Achana na sarafu bwana, let's do bonds." Ukarudia. Nikakununia. Kesho yake nikashika simu ya ukumbini, wewe umekaa kwenye ngazi unawazuia wenzetu wasipige kelele, na profesa wa London akaniuliza sarafu. Nilibabaika vibaya sana. Nilipokata simu ulinipa chai ya tangawizi, ukasema, "Usijali, mimi hata kuitwa sijaitwa."

Kumbe ulikuwa umeshaitwa. Ulihojiwa kwa simu ya mama yako, mlango umefungwa. Hayo niliyajua siku ya dua, pamoja na wageni. Shangazi aliniambia tunamsomea babu, nami nikashinda jikoni kwake nikikunja sambusa. Baada ya kusoma akajifuta macho, akatangaza: Salma kachukuliwa London, na New York nako kachukuliwa, kachagua New York, anaondoka Jumamosi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika sinia.

Nilikufuata mlangoni, kwenye makoti. "Kwa nini hukunambia?"

"Mama alisema tusimwambie mtu mpaka mambo yakamilike. Jicho lipo, wajua."

"Jicho la nani?"

Ukavaa kiatu kimoja, ukakivua, ukakivaa tena.

Najua kwetu ndivyo. Mimba hufichwa, posa hufichwa, hata nyumba haitajwi mpaka iezekwe. Lakini "mtu" ni jirani, Salma, ni yule mama wa msikitini anayeuliza mishahara ya watu. Sikudhani "mtu" ni mimi. Hilo linanikereketa kuliko New York yenyewe, ingawa hiyo New York nayo inanikereketa. Nakuonea wivu maghorofa, nakuonea wivu kitambulisho kinachoning'inia shingoni kwako katika ile picha uliyotuma, nakuonea wivu hata theluji ya huko ambayo hujaiona bado. Nakuonea wivu na lile swali la sarafu, kwa sababu sasa naelewa ulilitoa kwenye mahojiano yako mwenyewe. Ulitaka kunisaidia bila kuvunja amri ya mama yako. Yaani hata kwa wema umenizidi, na hilo nalo limenichukiza wiki nzima.

Basi leo nimekwenda kumtazama shangazi. Tumekula wali na samaki, nikamwambia London wameniweka kwenye orodha ya kungoja. Mtu akiachia nafasi yake, wataniita mimi. Akanisogelea kwenye kochi. "Mungu atakufungulia, mwanangu. Salma wetu kiti cha London bado kakishika. Nimemwambia asikiachie mpaka aizoee Marekani, asije akarudi mikono mitupu. Lakini usimwambie mtu."

Nikaitikia, "Haya, shangazi." Yeye hakujua alichokisema. Wewe unajua. Ulijua tangu nilipokuandikia kwamba nangoja, ukanijibu kwa dua ndefu na picha ya daraja.

Mimi sina jicho baya. Nina wivu tu, na nao haujaniua; nakula, nalala, nakwenda zamu yangu ya usafi hospitalini Edgbaston kama kawaida. Nataka usome umalize, ulipwe vizuri, nikuonee wivu zaidi. Lakini London wanafunga orodha Ijumaa, na mimi nimesimama mlangoni huku dada yangu amekalia viti viwili.

Waandikie leo, uwaachie. Na kama unaogopa mama ataudhika, fanya kama mlivyozoea, usimwambie mtu. Niambie mimi.

Nimekukumbuka, pamoja na yote.

Mtoto wa mjomba wako,
Selly Oak