Mikono Ile Ilikuwa ya Mume Wangu

Jumapili, asubuhi. Kibaridi cha kusi, mawingu mepesi, mikorosho imeanza kuchanua.

Assalaam alaykum wewe unayenisoma. Umeamkaje? Nyumba yako nzima hawajambo? Kama kuna mgonjwa kwako, Mwenyezi Mungu amnyanyue. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio unaochemka.

Nina hasira. Tulifundishwa ukikasirika utawadhe. Tangu jana jioni nimetawadha mara tatu, si kwa swala, kwa hasira tu, na bado.

Jana baada ya Alasiri tulikwenda, mimi na mume wangu, Baba Mwanaidi, kwa Bakari mwenye duka kuangalia yale mashindano ya safari kwenye televisheni. Jina la mashindano sitalitaja, mbele utaona kwa nini. Washindani wako wawili wawili kila gari, wanachagua njia wenyewe, na wa mwisho kufika anafungasha virago. Sharti lao kubwa: usukani haushiki mtu mwingine yeyote ila mshindani. Jana ilikuwa zamu ya kipande cha huku kwetu, toka Miteja hadi Kilwa Masoko, basi nusu ya kijiji ilikuwa pale. Wanaume kwenye mabenchi, sisi wanawake kwenye mkeka karibu na magunia ya unga.

Wakaanza walimu wawili, wanawake. Walifika panapochepuka njia ya mkato, wakashuka, wakamsalimia mzee mmoja, wakamuuliza hali ya njia. Akawaambia mvua imeharibu. Wakashukuru, wakarudi kwenye lami, wakazunguka njia ndefu. Mimi nikasema moyoni, hawa wamelelewa.

Lakini Salumu wa bodaboda akapiga paja. "Waoga hao! Ndiyo maana nasema mwanamke asipewe usukani."

Mama Tatu, jirani yangu, hakumwacha. "Wewe Salumu, juzi umemmwaga mkeo mtaroni na ndoo ya dagaa kichwani. Nani alikupa usukani wewe?"

Watu wakacheka mpaka Bakari akaongeza sauti ya televisheni. Hapo nilikuwa bado nacheka na mimi.

Kisha akaja kijana mmoja mwenye koti la rangi ya chungwa, pamoja na dada yake. Hawa hawakumuuliza mtu. Wakaingia njia ya mkato, na gari likazama kwenye tope mpaka mlangoni. Pale kwa Bakari pakawa kama uwanja wa mpira. Huyu anasema aweke mawe, yule anasema hatoki huyo hata kwa trekta.

Gari likatoka. Picha ilichukuliwa kwa mbali, unaliona koti la chungwa ndani ya kioo. Halafu wakaonyesha kwa karibu, ile kamera ndogo ya ndani ya gari. Uso hauonekani. Inaonekana mikono tu, mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye gia.

"Angalieni! Kaanza na gia ya pili!" Bakari alisimama kabisa. "Gia ya kwanza ingechimba shimo. Huyu kasomea!"

"Na hakanyagi mafuta kama mwendawazimu," akasema mwingine. "Anarudi nyuma kwanza, ananyoosha matairi, ndiyo anakuja. Mtoto anajua huyu."

"Kakaza mpaka koti limechanika kwapani," akasema Salumu. "Hao ndio wanaume!"

Mimi nilikuwa naangalia mkono wa kwenye gia. Kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani, kama ndoano. Kidole hicho kilibanwa na jeki ya lori mwaka alipozaliwa Mwanaidi wetu. Nimekikanda kwa maji ya moto mimi, wiki mbili nzima.

Mikono ile ilikuwa ya mume wangu.

Nikageuka kumtazama. Yuko kwenye benchi, macho kwenye televisheni kama wenzake. Mkono wa kushoto ameuficha chini ya kanzu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Ilikuwa wakati wa masika. Ile njia ya mkato inapita ukingoni mwa shamba letu la mikorosho, hatua kama ishirini toka jikoni kwangu. Gari lilipozama, yule kijana alikanyaga mafuta mpaka moshi ukaingia kwenye chungu changu cha mboga. Tukatoka. Dada mtu amekaa chini analia. Wapiga picha wawili wamesimama pembeni.

Baba Mwanaidi akakata matawi, akachukua makuti niliyoezekea banda la kuku, akayatandika chini ya matairi. Akamwelekeza kijana. Halikutoka. Akamwelekeza tena. Wapi! Muda unakwenda. Kijana akapiga magoti matopeni, akashika miguu ya mume wangu. "Baba, nisaidie. Nimeacha kazi kuja huku. Mama yangu ametangaza mtaa mzima. Endesha wewe, baba, nitoe hapa tu."

Mpiga picha mmoja akasema wao wako mbali, hawaoni vizuri. Akaangalia juu kama anatafuta ndege. Mwenzake akasema, ila koti lingependeza.

Wakamvalisha koti lile. Limembana, lilichanika wakati anapanda. Na kabla hajapanda kijana akamwomba neno: asimwambie mtu yeyote, maana ikijulikana anatolewa. Baba Mwanaidi akasema, "Nimekupa neno langu." Akanawa miguu, akapiga bismillahi, akaingia.

Nilisikia injini ikinguruma chini chini, ikanyamaza kidogo, ikanguruma tena. Nikasikia makuti yanavunjika. Kisha dada mtu akapiga kigelegele. Mume wangu akashuka, akavua koti, akanijia na miguu yake ya tope. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Umeona, Mama Mwanaidi? Halikulala."

Nikamjibu, "Nimeona."

Neno hilo "halikulala" hulielewi mpaka nikwambie habari nyingine. Mume wangu aliendesha malori miaka ishirini na mbili, enzi za barabara ya vumbi, gari linakwama siku tatu na dereva anapika uji pale pale. Miaka kumi na minne iliyopita lori la chumvi lilimpindukia mteremkoni, likalala. Magurudumu juu. Hakufa mtu, utingo alivunjika mkono. Yeye alisema tairi la mbele lilipasuka. Tajiri wake akasema alisinzia, akamnyang'anya ufunguo mbele za watu. Tangu siku ile hakuna aliyempa gari, na hapa kijijini jina lake likawa Mzee Chali. Hata watoto wanaotoka madrasa wanamwamkia hivyo, kwa adabu kabisa: "Shikamoo, Mzee Chali." Naye anaitikia, "Marahaba."

Miaka kumi na minne anaitikia.

Rudi sasa kwa Bakari. Mashindano yamefika mwisho, kijana wa koti ameshinda kipande kile, wakarudisha picha aliyohojiwa pale pale alipotoka topeni, sisi tumeshaingia ndani. Akaulizwa aliwezaje. Unajua alisema nini? "Siri ni kutoogopa. Tulikuwa peke yetu porini, hakuna mtu wa kutusaidia, nikajiamini tu."

Porini! Jamani, nyuma yake inaonekana kamba yangu ya nguo, na khanga yangu ya bluu imeanikwa pale, na jogoo wangu anapita. Porini kuna khanga?

Na matawi aliyakata nani? Na makuti ya banda langu la kuku, yalitembea yenyewe? Kuku walilowa siku nne mimi nikaona si kitu, msafiri ana haki yake. Leo tumekuwa pori.

Hapo ndipo Salumu akageuka kwenye benchi. "Mzee Chali! Umeona gari linavyoendeshwa? Ingekuwa wewe pale, sasa hivi tungekuwa tunasoma hitima!"

Duka zima likaangua kicheko. Hata Mama Tatu alicheka, nimemwona, kajifunika na ushungi.

Na mume wangu? Alicheka na yeye. Akasema, "Kweli, kijana yule anajua gari."

Nilisimama. Wallahi nilisimama, mdomo wazi, kidole kimeelekea kwa Salumu. Nilikuwa nayo maneno yote, hata ya mama yake, Mungu anisamehe. Baba Mwanaidi hakunitazama hata. Alisema tu, "Mama Mwanaidi, Magharibi hiyo, twende tukaswali."

Ilikuwa bado nusu saa nzima.

Tulipofika uani ndipo nikafunguka. Nikamwambia, mtu kakufuta, kakuita pori, na wewe unamsifia?

"Nilimpa neno."

"Usiniambie ahadi ni deni, hilo nalijua tangu chuoni kwa mwalimu. Neno unampa mwenye neno!"

"Neno langu ni langu. La kwake atalijibu mwenyewe."

Nikamuuliza, na ule udanganyifu? Sharti lao lilikuwa lile, na wewe ukavaa koti. Walimu wa watu walizunguka kwa haki, wakaitwa waoga, na mmoja nilimwona analia walipotangaza wao ndio wa mwisho. Akasema, "Hilo nimeshaliombea toba. Nilimwona mtoto wa watu anapiga magoti, sikuwaza wengine. Nimekosea." Basi hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa, maana ukimgombeza mtu aliyekwisha kutubu unajigombeza mwenyewe.

Nikarudi kwa Salumu. Nikasema, angalau mwache Salumu ajue. Mtu mmoja tu. Aache kukuita jina lile.

Akaniambia, "Mimi sikutaka Salumu aone. Nilitaka wewe uone. Na wewe uliona, ulikuwepo. Inanitosha."

Akaingia ndani kuchukua birika.

Sasa ewe unayenisoma, hapa ndipo ninapokuambia nisichomwambia mtu. Unaijua kazi ya kukaa na jambo kifuani.

Sikuona.

Siku ile ya masika, alipopanda lile gari, nilifumba macho. Nilisimama nyuma ya mkorosho, nikashika shina kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikasoma Ayatul Kursiyyu mpaka niliposikia kigelegele. Niliogopa atalipindua. Na nikwambie kwa nini niliogopa: kwa sababu miaka kumi na minne, mimi mkewe, ninayempa maji ya kunawa, niliamini moyoni kwamba lori la chumvi alilisinzilia. Sijawahi kulitamka. Wala jina la Mzee Chali halijawahi kutoka kinywani mwangu. Lakini nililiamini kimya kimya, na Mungu anayajua ya kimya.

Kwa mara ya kwanza jana nimemwona mume wangu anaendesha kwenye tope. Nimemwona kwenye televisheni ya Bakari, pamoja na wote wanaomcheka. Nimeona gia ya pili. Nimeona kidole kile kilichopinda kimetulia juu ya gia, hakitetemeki hata kidogo. Mtu wa namna hiyo hasinzii mteremkoni. Tairi lilipasuka. Alikuwa anasema kweli.

Basi hasira hii niliyoamka nayo, nusu si ya Salumu. Si ya kijana wa koti wala ya wapiga picha wanaotafuta ndege angani. Ni yangu mwenyewe, na wudhuu wa mara tatu haukuitoa kwa sababu nilikuwa naosha uso wa kosa la mwingine.

Sasa hivi yuko shambani anapulizia mikorosho dawa, nasikia mashine. Atarudi kabla ya Adhuhuri. Nimeshapika mihogo ya nazi anayoipenda. Nitamwekea, nitamwachia ale kwanza, kisha nitamwambia: siku ile nilifumba macho, nisamehe. Nimekuona jana. Halikulala. Na lile la chumvi nalo, nimekuamini leo, nimechelewa miaka kumi na minne.

Sijui atanijibu nini. Huenda akasema tu, "Chumvi imezidi kwenye mihogo." Ndivyo alivyo.

Kumbe kuna la mwisho, nalo linanitia hofu. Neno alilitoa yeye, mimi sikuulizwa. Mashindano sijayataja, kijana sijamtaja, na hapa kijijini sidhani kama yupo anayesoma ninayoyaandika kwenye simu. Lakini nimeyaandika. Mwanaidi aliponifungulia ukurasa huu toka Lindi aliniambia, mama, andika kama unaongea na shoga yako. Basi nimeongea. Je, nimelivunja neno la mume wangu, au nimeutua mzigo tu? Ukiona nimekosea niambie bila kunionea haya, nitaufuta ukurasa huu wote.

Mashine ya dawa imenyamaza. Anakuja. Nisalimie wa nyumbani kwako, na tafadhali nijibu mapema.